Casimira Vialpando, Fundi wa Mabomba Mawili

Katika mji wa Española kuna watu wasiomjua diwani wao hata kwa jina, lakini hakuna asiyeijua sauti ya Casimira Vialpando akimsema fundi mwenzake. Mama huyu ana miaka sitini na moja, mfupi, mpana wa mabega, na tangu usichana wake kazi yake ni moja tu: kupinda mabomba ya moshi ya magari na kuyachomelea mahali pake. Ukimpelekea breki atakufukuza. Ukimpelekea gari la siku hizi, lile lililojaa kompyuta, atakuelekeza kwa upole kwa hasimu wake Fidencio aliye ng'ambo ya mto. Lakini mletee gari la zamani, injini ya silinda nane, bomba moja la moshi, umwambie unataka mawili, kila upande wa injini na bomba lake. Hapo utamwona anafuta mikono na kuanza kulizunguka gari polepole, amekusahau kabisa wewe mwenyewe.

Ujuzi huo hakupewa, aliung'ang'ania. Baba yake, mzee Onofre, alikuwa na watoto wa kiume watatu, na karakana ile aliwaandalia wao. Wote watatu wakaenda kuajiriwa kwenye maabara ya serikali kule mlimani, wakaning'iniza vitambulisho shingoni. Casimira alikuwa wa kuleta chakula cha mchana tu. Siku moja mzee alikosa mtu wa kumshikia bomba, akamwambia, "Shika hapa, usitikisike." Hakutikisika, na hakuondoka tena. Katika miaka ishirini na miwili waliyofanya kazi pamoja, mzee hakumsifu hata kwa bahati mbaya. Mara moja tu alitoka ofisini, akasimama nyuma ya lori ambalo binti yake alikuwa amelifunga mabomba, akalisikiliza likinguruma, akarudi ndani na kufunga mlango. Kwa Onofre, hiyo ilikuwa hotuba.

Labda ndiyo maana naye si mwepesi wa sifa. Uzio wa karakana yake umejaa mabomba yaliyobonyea, kila moja limefungwa kwa waya na kuandikwa kwa rangi nyeupe jina la fundi aliyeliharibu. Karibu yote yana kosa lile lile. Fundi hunyanyua gari kwa mashine inayolishika mwili, magurudumu ya nyuma yananing'inia, na ekseli, mhimili wa magurudumu hayo, nayo inashuka na kuacha nafasi pana juu yake. Fundi akiiona nafasi hiyo anafurahi, anapitisha bomba humo, anachomelea, anajipongeza. Gari likishushwa likakaa kwa uzito wake, ekseli inapanda na nafasi imekwisha. Tuta la kwanza tu, gong! Chuma kwa chuma. Na magari ya Española hukatwa springi ili yatembee chini chini, tumbo karibu liguse lami, kwa hiyo huku kosa hilo halina msamaha.

"Gari lipimwe limesimama kwa miguu yake!" Casimira huwapigia kelele. "Wewe, fundi cherehani akikushonea suti, anakupima umening'inia juu ya mti?"

Mafundi walinuna, wenye magari walicheka, na kazi ziliendelea kuja kwake.

Jumatatu ya Juma Kuu, mwaka juzi, Ramona Maestas aliingia uani akiendesha gari aina ya Impala la mwaka 1968, rangi ya zambarau mbivu. Casimira alilijua gari kabla hajamjua dereva. Kwa miaka arobaini lilikuwa likipita barabara kuu kila Jumapili baada ya misa, na kwenye usukani alikuwa baba yake Ramona, Eligio, dereva mstaafu wa basi la shule. Safari hii Eligio alikaa upande wa abiria. Kisukari kilikuwa kimemnyima macho miaka mitatu kabla ya hapo. Alishuka, akatembeza kiganja kwenye paa mpaka akaupata mlango, akaufunga taratibu kama mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala.

"Binti Onofre," aliita, "bado unatukana watu?"

"Nilikuwa nakungoja wewe, kaka Eligio. Ulipotelea wapi miaka yote hii?"

"Gizani," alijibu, akacheka peke yake.

Ramona hakucheka. "Shangazi, kuna Mtexas mmoja anaitwa Stroud. Amelitaka gari hili siku nyingi, na baba amemkubalia."

"Sijamkubalia," Eligio alimkatiza. "Nimemwambia aje Jumapili ya Pasaka. Msafara wa magari wa kila Pasaka utakapopita, mimi nitasimama kando ya barabara, na langu litakuwemo. Nikilitambua kwa masikio, linabaki nyumbani. Nisipolitambua, alichukue siku hiyo hiyo, na tusisikie kilio cha mtu."

"Na nani amekulazimisha kucheza kamari hiyo?"

"Sijalazimishwa. Gari nisiloweza kulitambua ni la jirani. Niliweke la nini, nilipanguse vumbi kama sanamu la kanisani?"

Alisema hivyo kwa mzaha, lakini Casimira aliona jinsi Ramona alivyogeuza uso. Gari hilo ndilo lililompeleka mama yake kanisani kuolewa. Ndilo lililomleta Ramona mwenyewe kutoka hospitali akiwa na siku mbili.

"Sasa atalitambua kwa lipi?" Ramona aliuliza. "Bomba moja, na sailensa kubwa kama mtungi wa gesi. Friji letu lina kelele kulishinda."

Casimira aliwasha injini, akaenda nyuma, akainama. Alisikiliza muda mrefu mpaka Eligio akauliza kama amepata usingizi.

"Injini ni nzima," alisema mwishowe. "Imezibwa mdomo tu. Nitaifunga mabomba mawili. Lakini sikilizeni, sitaipa sauti ya kuazima. Nitaipa sauti yake, na kama ni nzuri au mbaya ni shauri yake na mwenye gari."

"Hivyo hivyo," Eligio alisema.

Jumanne aliling'oa bomba la zamani lote, kutu ikimdondokea usoni, akapinda mapya mawili kutoka kwenye injini hadi katikati ya gari. Eligio aliletwa kila asubuhi akawekwa kwenye kiti mlangoni, maana alikataa kubaki nyumbani. Jumatano ikafika ile kazi ambayo watu huja kuitazama.

Mabomba mawili yasiyojuana husikika kama watu wawili wanaobishana, kila mmoja na lake. Lazima yaunganishwe mahali fulani kwa kipande kifupi cha kukatiza katikati, ili upande mmoja upumue na mwingine. Wapi hasa? Vitabu vina hesabu zake. Casimira ana kopo la rangi nyeusi. Aliyapaka mabomba yote mawili, akaliondoa gari kwa kasi hadi kilima cha Velarde na kurudi, huku mnuko wa rangi iliyoungua ukimfuata njia nzima. Karibu na injini, moto huwa umeichoma rangi ikababuka. Ukienda nyuma unafika mahali ambapo imebaki laini kana kwamba haijaguswa. Pale moto unapobadili nia ndipo pa kukata. Ni ujuzi wa mzee Onofre, na hajauandika popote.

"Ngoja yapoe," Eligio aliomba, "nami niguse."

Walingoja. Casimira alimlaza kwenye kibao cha magurudumu, akamsukuma chini ya gari, kisha akaingia naye na kumwekea mkono juu ya bomba. Alitaka kumwelekeza, lakini hakuwahi. Vidole vya Eligio vilitembea, vikasita, vikarudi nyuma kidogo.

"Hapa," alisema.

"Hapo hapo," alijibu Casimira, na akashangaa. Yeye mwenyewe alihitaji miaka kuijua sehemu hiyo kwa macho.

Alhamisi ndiyo siku iliyomwaibisha. Kila Alhamisi Kuu ukoo wa Vialpando huweka meza kando ya njia iendayo kanisa la Chimayó na kuwapa mahujaji maji na panocha, uji mtamu wa ngano iliyooteshwa, na sufuria kubwa ya panocha ilikuwa jikoni kwa Casimira. Dada yake alipiga simu saa nne kuuliza sufuria iko wapi. Alipiga tena saa tano, bila salamu. Yalikuwa yamebaki mabomba ya nyuma tu, yale yanayopita juu ya ekseli. Mashine nzuri, ile inayonyanyua gari likiwa limekanyaga magurudumu yake, ilikuwa imebeba lori la mtu lisilo na injini. Kulishusha na kulisukuma nje ni kazi ya saa nzima. Casimira akaitazama ile nyingine, inayoshika mwili. Akajiambia ataweka jeki chini ya ekseli aipandishe kabla ya kupima. Simu ikalia mara ya tatu. Akachomelea kulia, akachomelea kushoto, akashusha gari, akakimbilia sufuria. Jeki ilibaki pembeni ilipokuwa.

Mwosha naye huoshwa.

Ijumaa Kuu hakuna chuma kinachoguswa pale. Jumamosi asubuhi Casimira alishika usukani mwenyewe, Eligio kando yake, Ramona nyuma. Injini ikawaka. Sauti ilitoka chini, nzito na ya duara, bila ukali, na gari zima likawa kama limevuta pumzi baada ya miaka mingi. Eligio aliweka kiganja kwenye dashibodi na kukikandamiza hapo. Walipita kanisa, wakapita kituo cha mafuta, wakafika pale ambapo mfereji wa mashamba unapita chini ya barabara na lami imevimba.

Gong!

Casimira alihisi moto ukimpanda mpaka masikioni.

"Kushoto," alisema Eligio. "Juu ya ekseli. Umekosea vidole viwili." Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa. "Looh! Binti Onofre! Ulilining'iniza!"

"Cheka ufe."

"Wewe! Wewe uliyemtukana Fidencio mbele ya padri!"

"Nimesema cheka ufe, lakini kimya kimya, naendesha."

Waliporudi karakana Ramona alimvuta Casimira pembeni, nyuma ya mitungi ya gesi. Macho yake yalikuwa makavu na alikuwa anaongea haraka.

"Shangazi, usiliguse. Nakuomba, liache hivyo hivyo mpaka Jumatatu. Kesho kutakuwa na magari mia, na hakuna lingine litakalogonga namna hiyo. Pale mbele ya posta kuna tuta. Litagonga, atalisikia, basi, tumemaliza. Mtexas ataenda zake."

Hebu tuseme ukweli: Casimira alitaka kukubali. Siku moja haiwezi kupasua bomba. Alilipenda gari lile, na wazo la kuliona limefunikwa turubai juu ya trela la watu lilimuuma kifuani. Tena Eligio angeambiwa muda haukutosha, na aliyejua ukweli angekuwa Ramona peke yake. Alisimama akilitazama lile gari mpaka Ramona akadhani ameshinda.

"Mama yako," Casimira alisema, "baba yako alikuwa anamtambua kwa kikohozi?"

"Shangazi..."

"Nijibu."

"Alimtambua kwa hatua zake tu, akiwa bado nje."

"Basi. Akishinda kesho kwa ile gong, Jumatatu nikaiondoa, atabaki na gari gani? Atakuwa amemtambua mgonjwa, mzima akija hamjui. Tutakuwa tumemdanganya mtu asiyeona, mwanangu. Hiyo siwezi."

"Na akishindwa?"

"Akishindwa utanichukia, na utakuwa na haki."

Ramona alimwacha amesimama pale. Casimira aliogopa, tena sana, na hofu hiyo hakumficha mtu. Alitoka barabarani akaita majirani wanne, wakalishusha lile lori lisilo na injini na kulisukuma mpaka uani. Impala ikapanda kwenye mashine nzuri, ikakanyaga kwa magurudumu yake yote manne. Alikata mabomba yote mawili ya nyuma, hata la kulia ambalo halikuwa limegusa kitu, akapinda mengine. Eligio alilala chini yake kwenye kibao, na kila bomba lilipowekwa alipenyeza vidole vyake viwili kati ya chuma na chuma kabla halijachomelewa. Vidole visipopita kwa raha, lilishushwa na kupindwa upya. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na mtu yule, bila macho, alikuwa msaidizi mkali kuliko wote ambao Casimira aliwahi kuwa nao.

Kazi ilipokwisha, Casimira alichukua lile bomba la kushoto lililobonyea, akachovya brashi kwenye rangi nyeupe, akaandika CASIMIRA VIALPANDO kwa herufi kubwa kuliko za mtu mwingine yeyote. Akalifunga kwenye nguzo ya lango, mahali ambapo kila mteja lazima apite. Habari ilivuka mto upesi. Alasiri Fidencio alikuja na simu yake, akapiga picha akiguna kwa furaha.

"Piga mbili," Casimira alimwambia. "Hiyo ya kwanza mkono umekutetemeka."

Eligio alikataa kulisikiliza gari likiwashwa. "Nisiibe mtihani," alisema, na Casimira akamrudisha nyumbani kwa pikapu yake. Ramona aliliondoa gari baadaye, peke yake.

Pasaka ilikuja na jua kali na upepo kidogo. Baada ya misa barabara kuu ilijaa pande zote mbili, watu na viti vyao, mabibi na miavuli, moshi wa nyama, watoto mabegani. Magari yalianza kupita taratibu, moja moja, yameng'arishwa mpaka yanaumiza macho. Bwana Stroud alikuwa amekuja, mtu mrefu mwenye adabu, kofia mkononi. Trela lake alikuwa ameliegesha mbali, nyuma ya benki, ili lisionekane. Casimira alitamani kumchukia akashindwa.

"Nitalitunza vizuri, mzee," alisema.

"Najua. Ningekuwa na shaka nisingekuita wewe."

Sharti lilikuwa kwamba mtu asimguse Eligio wala asimwambie neno. Ramona alikuwa ameliingiza gari kwenye foleni, na wao hawakujua ni la ngapi. Likapita la kwanza, la tano, la kumi na mbili. Eligio alisimama ameinamisha kichwa, sikio moja barabarani.

"Hilo?" Stroud aliuliza lilipopita moja lenye kishindo.

"Hilo limechomelewa na mtu mwenye njaa."

Watu wa karibu wakacheka. Casimira hakucheka, kwa sababu alikuwa amesikia kitu. Kwa mbali ilikuwa inakuja sauti nzito, ya duara, isiyo na ukali. Alimtazama Eligio: sema, sema sasa! Eligio hakuinua hata kidole. Sauti ikakaribia, ikafika mbele yao, ikapita, na lilikuwa gari la kijani ambalo Casimira mwenyewe alilifunga mabomba miaka tisa nyuma. Kama yeye, aliyeyapinda mabomba yale kwa mikono yake, amekosea, Eligio atawezaje? Hapo ndipo alipojuta. Alijuta kuiondoa ile gong, alitamani yale majivuno yake yangekaa kando siku moja tu, na alimwona Ramona akitembea miaka yote ijayo bila kumwamkia.

Likapita la thelathini. Kukawa na pengo, kisha gari la vyakula, kisha basi la wazee wa parokia linalokwenda pole pole.

Eligio akavua kofia.

"Linakuja," alisema.

Stroud alinyoosha shingo. Casimira naye alitazama mpaka macho yakamtoka machozi kwa mwanga. Palikuwa na basi tu.

"Wapi, mzee?"

"Nyuma ya hilo basi. Limesimama kwenye taa. Linangoja."

Taa zikabadilika. Basi likajivuta, likakata kona kuingia kanisani, na nyuma yake ikatokea rangi ya zambarau mbivu. Ramona alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, anatazama mbele tu, anaogopa kumtazama baba yake. Lilipanda tuta la posta na kushuka bila kugonga kitu. Likaja taratibu, likapita mbele yao, na uso wa Eligio ukageuka nalo, ukalifuata mpaka mwisho kama wenye macho wanavyofuata.

Stroud alivaa kofia yake. Alimpa Eligio mkono, akashikilia kidogo, akaondoka kuelekea nyuma ya benki.

Machozi yalikuwa yanamtiririka Eligio naye hakujisumbua kuyafuta. "Miaka arobaini nalipitisha hapa," alisema, "na mimi niko ndani. Sikuwahi kulisikia likipita."

Casimira alimpitishia Eligio mkono kwenye kiwiko, na wote wawili wakasimama pale pale kungoja Ramona ageuze gari mwisho wa mji na kurudi.